Tableti inalala, batri inakesha: fundi apime kwanza, ndipo auze

BUKAVU – Saa tatu ya usiku tableti inawekwa juu ya meza ikiwa na asilimia 80. Hakuna anayeigusa. Kioo kimezimika, watoto wamelala. Saa kumi na mbili ya asubuhi inaonyesha 25, ao haiwaki kabisa. Mwenyewe anaibeba mpaka kwa fundi, iwe Nyawera, iwe Kadutu, iwe Essence, na kabla hajamaliza kueleza, jibu limekwisha kutoka: "Batri imekufa, mama. Nunua ingine."

Hukumu hiyo inatolewa kila siku katika mji huu, na mara nyingi inatolewa bila ushahidi. Fundi hakuuliza tableti ililala wapi, ina SIM ngapi, mega ziliachwa wazi ao zilizimwa. Hakuandika namba hata moja. Mama analipa, anarudi nyumbani na batri mpya, na baada ya wiki moja hali ni ile ile, kwa sababu kitu kilichokuwa kinakula moto usiku hakikuguswa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Tableti inayoisha moto ikiwa imelala, mara nyingi ina mlaji ndani yake, na mlaji huyo anaweza kutambulika bila kutoa franka hata moja. Kinachokosekana Bukavu ni desturi ya kupima kabla ya kuuza.

Kwa nini jambo hili si dogo

Kuna watakaosema: mji una matatizo makubwa, kwa nini kuongelea batri? Jibu liko katika mifuko ya watu.

Tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipoingia Bukavu na mabenki yakafunga milango, simu imekuwa benki ya familia nyingi. Pesa ya ndugu aliye Kinshasa, Lubumbashi ao ng'ambo inafika kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Simu ikizimika saa nane ya mchana, chakula cha jioni kimezimika nayo. Kwa aliyekimbia kutoka Minova, Kalehe ao kwingine akalala kwa jamaa ao kanisani, simu ni mlango pekee uliobaki: mtoto aliyepotea njiani atapiga namba ile ile, ujumbe wa ugawaji wa chakula utaingia kwenye namba ile ile, na habari ya kama barabara ya kurudi kijijini ina usalama itasikika kwenye radio ya simu ile ile.

Na umeme wenyewe ni wa mgao. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi unafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wa pili, tangu 1989, unagawa umeme kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mitambo imezeeka, mji umekua, na takataka za plastiki zinazotoka ziwani zimewahi kuziba mashine mara nyingi. Kwa hiyo wakaaji wengi wanachaji kwa jirani mwenye pano ya jua, ao kwa vijana wanaochajisha simu kwa malipo.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue kwamba kuchaji mara moja ni franka 500. Simu inayolala vizuri inachajiwa kila baada ya siku mbili, yaani mara 15 kwa mwezi: franka 7,500. Simu ile ile, ikipoteza nusu ya moto kila usiku, inachajiwa kila siku: franka 15,000. Tofauti ya franka 7,500 inatoka katika nyumba ambayo haijui italipaje unga. Na hapo batri mpya haijahesabiwa. Mtu akitoa pesa ya batri ambayo haikuhitajika, ametoa chakula cha watoto kwa ajili ya kosa la mtu mwingine.

Tableti inayolala, inafanya nini?

Watu wengi wanaamini kwamba kioo kikizimika, kila kitu kimezimika. Sivyo. Kioo ni pazia tu. Nyuma yake mashine inaweza kuwa inafanya kazi usiku kucha.

Watengenezaji wanajua tatizo hili kwa muda mrefu. Android 6, iliyotoka mwaka 2015, ilileta namna ya usingizi: tableti ikilazwa bila kuguswa, kioo kikiwa kimezimika na chaja haimo, programu zinasimamishwa na kuamshwa kwa zamu, mara chache. Ndiyo maana tableti nzima, isiyo na SIM na ambayo Wi-Fi imezimwa, inapaswa kupoteza asilimia chache tu kwa usiku mzima. Ikipoteza nusu, kuna kitu kinaiamsha. Washukiwa ni wanne.

Wa kwanza ni mtandao, na kwa Bukavu huyu ndiye wa kuangaliwa kabla ya wote. Mji umejengwa juu ya milima na mabonde, na rasi zake tano zinaingia ziwani kama vidole vya mkono. Aliye juu ya kilima anaona antena. Aliye chini ya bonde, upande wa Panzi ao Cimpunda, anaweza kupata mstari mmoja ao asipate kitu. Simu inapokuwa mbali na antena, inaongeza nguvu ya kutuma ili isikike. Mtu anayeongea na jirani hachoki, lakini anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde anapaza sauti mpaka koo linakauka. Simu yenye mtandao dhaifu inafanya hivyo hivyo usiku mzima, na mtandao ukikatika kabisa, inaanza kuutafuta, inapumzika kidogo, inautafuta tena.

Ongeza SIM mbili. Karibu kila mtu anabeba SIM za kampuni mbili ao tatu, kwa sababu mtandao huu unashika nyumbani na ule unashika sokoni. Lakini SIM isiyoshika mahali ulipolala haikai kimya. Inatafuta antena yake mpaka asubuhi. Na kwa wanaokaa karibu na Ruzizi, upande wa Nguba ao Muhumba, kuna jambo lingine: simu inashika antena za Rwanda, inajaribu kurudi kwa kampuni ya Kongo, inaondoka tena. Safari hiyo ya mpaka inafanywa bila viza, lakini inalipwa na batri.

Mshukiwa wa pili ni mega zilizoachwa wazi. WhatsApp yenye makundi ishirini inapokea picha na video usiku kucha, na nyingi zinajipakua zenyewe. Duka la programu nalo linaleta matoleo mapya. Barua pepe inaangalia kama kuna ujumbe. Pale mtandao ni dhaifu, video ya dakika mbili inaweza kuchukua saa nzima kushuka, na saa hiyo nzima simu haikulala.

Wa tatu ni programu zilizopewa ruhusa nyingi kupita kiasi: zinazotaka kujua mahali mtu alipo kila dakika, zinazoleta matangazo, na hasa zile zinazojiita za "kusafisha simu" ao "kuokoa batri". Hizi za mwisho ni kama mlinzi anayekula nyama anayoilinda. Zinakaa macho ili kuonyesha kwamba zinafanya kazi, zinafunga programu zingine ambazo zinafunguka tena zenyewe, na kila kufunguka upya kunakula moto. Wanaopitisha kidole kufunga programu zote kila baada ya dakika tano wanapoteza moto kwa njia hiyo hiyo.

Wa nne ndiye batri yenyewe. Ndiyo, batri inazeeka. Za lithiamu, ambazo zimo katika simu na tableti zote za leo, kwa kawaida huhesabiwa mizunguko 500 hivi ya kuchaji kabla uwezo wake haujashuka mpaka asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Joto linaharakisha uzee huo. Apple, kwa mfano, inaandika kwamba vifaa vyake vitumiwe kati ya nyuzi 0 na 35 za joto. Simu iliyowekwa juu ya mabati, kando ya pano, jua la saa sita, inapita hapo haraka. Pano ikae juani, simu ikae kivulini.

Fundi anayetaja huyu wa nne kila mara, bila kuwatazama watatu wa kwanza, hatengenezi. Anabahatisha kwa pesa ya mwingine.

Siku tatu za kupima

Kupima hakuhitaji mashine. Kunahitaji karatasi, kalamu na uvumilivu. Jambo moja linatangulia yote: usiku wa hofu, usiku wa milio ya risasi ao wa kusubiri habari ya jamaa aliye njiani, si usiku wa kujaribu. Simu ibaki wazi. Kipimo kinaweza kufanywa mchana kwa saa nne ao tano, wakati simu nyingine iko karibu.

Siku ya kwanza, kifaa kiachwe kama kawaida. Iandikwe saa na asilimia wakati wa kukilaza, kisha saa na asilimia wakati wa kukiamsha. Kisiguswe katikati. Tuseme kimepoteza asilimia 40 kwa saa nane: hiyo ni 5 kwa kila saa, na ni nyingi mno.

Siku ya pili, kifaa kiwekwe "mode avion", na Wi-Fi ibaki imezimwa. Muda uwe ule ule, mahali pawe pale pale. Kikipoteza sasa asilimia 3 ao 4 tu, kesi imekwisha: batri ni nzima, na mlaji ni mtandao ao mega. Hakuna batri mpya ya kununua.

Siku ya tatu ni kwa kifaa ambacho moto wake umeshuka sana hata katika "mode avion". Hapo kizimwe kabisa kwa muda ule ule, kisha kiwashwe. Kama kikizimwa kinashika moto wake, lakini kikiwa kimelala kinaupoteza, kuna programu inayokiamsha. Kiwashwe katika "mode sans échec", ambayo inasimamisha programu zote zilizoongezwa na mwenyewe, na kipimwe tena. Hali ikiwa nzuri, mkosaji ni moja kati ya hizo zilizoongezwa, na zitaondolewa moja moja, kuanzia ya mwisho kuingizwa. Lakini kama kinapoteza moto mwingi hata kikiwa kimezimwa kabisa, hapo ndipo fundi ana haki ya kusema batri ao mashine ya ndani ina ugonjwa. Tofauti ya asilimia moja ao mbili isihesabiwe: namba hucheza kidogo simu inapowashwa.

Kuna pia ushahidi ulio ndani ya kifaa. Katika "Paramètres", kisha "Batterie", kuna orodha ya vitu vilivyokula moto na kiasi chake. Majina yanaweza kutofautiana kidogo kutoka simu hadi simu, lakini orodha ipo. Fundi asiyeifungua mbele ya mteja ni kama muganga anayeandika dawa bila kumtazama mgonjwa.

Baada ya mlaji kujulikana, dawa ni rahisi. SIM isiyoshika inazimwa katika mipangilio ya SIM, bila hata kuitoa. Tableti isiyopiga simu inawekwa "mode avion", kisha Wi-Fi inawashwa peke yake wakati wa kazi. Simu ya aliye bondeni inaweza kuwekwa kwenye 2G usiku, kwa sababu mara nyingi 2G inashika vizuri pale ambapo 4G inayumba. Katika WhatsApp, kujipakua kwa picha na video kunazimwa. Programu inayokula bila kufunguliwa inazuiwa isifanye kazi, ao inaondolewa. Karibu na mpaka, kampuni ya mtandao inachaguliwa kwa mkono badala ya kuiacha simu ichague yenyewe.

Na hapa kuna hofu moja inayogharimu familia nyingi: kwamba ukizima mega, ujumbe wa pesa hautaingia. Hiyo si kweli. Kuzima "données mobiles" hakuzimi simu. Kupiga, kupigiwa, SMS, na menyu ya pesa inayofunguliwa kwa nyota na dièse vinapita bila mega. Mama anayesubiri pesa ya mwanawe anaweza kuzima mega usiku kucha na ujumbe utamkuta. Kinachozuia ujumbe huo ni "mode avion" ao simu iliyokufa moto. Vilevile, mwenye simu yenye radio ya FM ndani asikilize habari kwa FM, akichomeka ekuta kama antena na kuzima kioo. Kusikiliza kituo kile kile kupitia intaneti kunakula mega na moto zaidi.

"Wanatumia vibaya"

Kuna jibu lingine linalosikika mara nyingi, hasa kutoka kwa wanaogawa vifaa: wakimbizi wanacheza michezo, wanaangalia video, ndiyo maana moto unaisha. Jibu hilo linamgeuza mwenye shida kuwa mwenye kosa.

Kwanza, habari hii inahusu kifaa kilicholala. Hakuna aliyecheza. Pili, kifaa hufika mikononi mwa watu kikiwa kimejaa programu ambazo hawakuziomba: michezo ya mfano, vivinjari viwili, magazeti ya matangazo. Mama aliyepewa tableti ya shule ya watoto hakuchagua hata moja kati ya hizo. Kumlaumu ni kumlaumu abiria kwa sababu dereva alipakia mizigo kupita kiasi.

Tatu, na hili liwaguse wanaoandikisha watu: tableti zinazotumika kuandikisha familia zina programu za fomu, kama KoboCollect, ambazo mara nyingi zinahitaji GPS. Kifaa kikiachwa na GPS wazi, SIM isiyoshika, na fomu zinazojaribu kujituma pasipo mtandao, batri haitafika saa nane ya mchana. Anayeumia si mwandikishaji. Ni familia iliyokuwa ya arobaini katika mstari, inayoambiwa irudi kesho. Kesho hiyo ina nauli, ina mvua, na pengine ina orodha iliyokwisha kufungwa.

Kongo imekwisha kulipa bei ya batri zisizopimwa. Tarehe 20 Desemba 2023, siku ya uchaguzi, watu walisubiri kwa saa nyingi katika vituo vingi vya nchi, na kati ya sababu zilizotajwa zilikuwa mashine za kupigia kura zilizokuwa na batri tupu. Raia waliojifunza siku hiyo kwamba haki yao inaweza kukwama kwa sababu ya chaja hawapaswi kufundishwa somo hilo mara ya pili kwenye mstari wa msaada.

Fundi naye ana neno

Fundi atajibu: yeye anakula kwa kuuza batri, hapati kitu kwa kuandika namba kwenye karatasi. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Kodi ya kibanda haingoji, na mteja wa Bukavu anapenda kuona kitu kikibadilishwa, si kuambiwa "rudi kesho kutwa na namba zako". Lakini dawa ya hilo ni kulipisha kipimo, kwa bei ndogo na ya wazi, badala ya kukificha ndani ya bei ya batri. Fundi aliyeponya simu kwa kuzima SIM moja ataletewa simu za ukoo mzima. Aliyeuza batri mbili kwa ugonjwa ule ule, habari yake nayo inatembea.

Atasema pia kwamba batri zingine kweli zimekufa. Ni kweli, na dalili zake zinajulikana: simu inaanguka ghafla kutoka 40 mpaka 10, inazimika ikiwa bado inaonyesha 20, ao mgongo wake umevimba na kioo kinainuka. Hii ya mwisho si ya kuchelewesha hata saa moja. Batri iliyovimba haichajiwi tena, hailaliwi chini ya mto, na haitobolewi ili "hewa itoke", kama wengine wanavyofanya. Inaweza kushika moto mikononi. Katika nyumba za mbao zilizobanana za Kadutu, cheche moja imekwisha kuwa mwanzo wa kilio cha mtaa mzima. Hapo fundi auze batri, na mteja alipe bila kunung'unika. Lakini auze akiwa ameonyesha sababu.

Ifahamike pia batri inayotolewa inakwenda wapi. Mara nyingi inakwenda kwenye takataka, na takataka za Kadutu zinashuka na mvua katika Kawa, na Kawa inamwagika ziwani. Kobalti iliyo katika batri nyingi imechimbwa Kongo, na nchi hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia. Mkongomani aliichimba upande wa Kolwezi, ikazunguka dunia, ikarudi Bukavu kuuzwa kwa bei ya mgeni, kisha inatupwa mtoni ikiwa bado nzima, kwa sababu hakuna aliyeweka simu "mode avion" kwa usiku mmoja. Hasara hiyo haina mtetezi.

Kinachodaiwa

Madai ni machache, na hakuna hata moja linaloomba pesa ya mfadhili mpya.

Fundi afungue orodha ya "Batterie" mbele ya mteja, na amwombe namba za usiku mbili kabla ya kutaja bei ya batri. Batri akiiuza, ile ya zamani ampe mteja aione.

Shirika linalogawa tableti lisizitoe jinsi zilivyotoka katika katoni. Ziondolewe programu zisizo na kazi, SIM isiyoshika izimwe, na karatasi moja ya Kiswahili ifungwe pamoja na chaja. Kazi hiyo ni ya dakika kumi kwa kifaa kimoja. Na kila timu ya kuandikisha ipime vifaa vyake usiku wa kabla, si asubuhi mbele ya mstari.

Wanaochajisha simu kwa malipo wabandike ukutani mambo matatu: zima mega unapolala, zima SIM isiyoshika, usichaji simu iliyovimba. Watapoteza wateja wachache wa kila siku, lakini watapata wale ambao leo wanakwenda mbali kwa sababu hawana tena imani.

Na mwenye simu asikubali hukumu bila ushahidi. Wakati wa kulala aandike saa na asilimia, hata kwa mkaa nyuma ya mlango. Asubuhi aandike tena. Akifika kwa fundi na namba hizo mbili, mazungumzo yanabadilika: hataulizwa ana pesa ngapi, ataulizwa simu ililala wapi na ilikuwa na SIM gani. Hapo ndipo matengenezo yanaanza.